Siku Nilipanda Kwenye Balé ya Mapenzi

Weye mwenye utaenda kuangalia balé mara ya kwanza, sikiliza kwanza miye Daudi, juu nilikosa mbele ya batu mia mbili.

Naendeshaka kamiyo, lori ya mizigo, Butembo–Beni. Mutoto yangu wa kike, Mapenzi, alianza kujifunza balé hapa Bulengera kwa Madame Yolande, bibi ya mukubwa mumoja wa Serikali mwenye walituma huku kutoka Kinshasa. Kucheza bila ngoma, juu ya vidole vya miguu? Ilinichokesha. Nikamuambia bibi yangu Hadjara wazi: tutaenda kuona ile spectacle, maonyesho yao, lakini nikipata haya hata kidogo, Mapenzi anaacha. Mutoto alisikia. Siku mbili hakukula muzuri.

Siku ikafika. Ku mulango wa salle, ule ukumbi wa kuchezea, Madame alitupa masharti: telefone zifungwe, hapana kusema, hapana kusimama, kupiga mikono ni ku mwisho tu. Nikaitika oui, oui, sawa mutu mwenye akili.

Rideau, lile pazia ya mbele, ikafunguka. Mapenzi akatoka, akasimama ku ncha ya vidole, akazunguka, akazunguka, hata kuyumba hapana. Wallahi, roho ilinijaa furaha. Nikageuka kuangalia batu: kimya. Hata mama mumoja wa kupiga vigelegele hapana! Kwetu, ukicheza na batu banyamaze, basi umecheza mubaya, rudi ukakae. Nikaona banamuzarau mutoto yangu, na kasirani ikanipanda. Watu gani hawa?

Nikasahau masharti yote. Nikavuta kitenge ku mabega ya Hadjara, nikapita kati ya viti, nikapanda ku jukwaa pale mbele, nikakitandika chini ya miguu ya Mapenzi, vile tunafanyiaka bibi-arusi. Nikapaza sauti kwamba huyu ni wangu, bamupigie mikono.

Kitenge kikateleza. Mutoto akaanguka, puu, matako chini.

Nilitamani udongo inimeze. Miye mwenye nilikuja kutafuta haya, nimeileta na mikono yangu. Madame alikuja mbio, hakugomba. Akanieleza polepole kwamba batu habakumuzarau. Mu balé, kunyamaza ndiyo kuheshimu.

Mapenzi aliniangalia kutoka pale chini, macho imejaa machozi. Hakuumia, Mungu asifiwe. Akaniuliza, "Baba, donc nitaacha?"

Swali ile ilinichoma kuliko aibu yote. Nikapiga magoti mbele yake, nikakunja kitenge, nikasema batu bote basikie:

"Hapana, mama yangu. Anza upya. Mwenye kuacha ni miye, naacha kelele."

Salle nzima ikacheka, Madame wa kwanza. Mapenzi akafuta macho, akasimama, akarudilia tangu mwanzo. Nami ku kiti yangu nilinyamaza kabisa, machozi inashuka mupaka ku ndevu.