Bunduki Mbili na Glavu Moja

Kijiji kizima cha Honkalampi, Ufini, hakukuwa na mtu aliyezijua bunduki za wadunguaji kumpita Aune Rautio. Wote walikiri hivyo. Yaani Aune mwenyewe, na paka wake akiwa na njaa.

Jumapili hiyo hata paka asingemsaidia. Makumbusho ya kijiji yalikuwa na kabati moja la kioo, la bunduki moja ya mdunguaji, na zililetwa mbili. Ya jirani yake Taisto iling'aa kama kijiko cha harusi. Ya marehemu Eino, baba yake Aune, ilikuwa na kutu, na kitako chake kimetiwa kiraka. Kijiji kilishasema zamani: Eino hakuwa mdunguaji, alikuwa mropokaji. Bunduki yake ikikataliwa leo, basi jina hilo lingelala naye kaburini.

"Mama, hiyo irudishe ukachochee moto wa sauna, upate mvuke wa kuogea," Taisto alimtania, mdomo umejaa mkate mtamu. "Hii ndiyo aliyopigana nayo baba vitani. Januari, baridi ya kupasua miti, darubini jichoni, glavu mkononi."

Kapteni Harju, mwamuzi, alishaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Glavu?" Aune akauliza kwa upole wa kondoo. "Kama hii?" Akachomoa mkobani glavu nene ya manyoya, ya vita vile vile. "Hebu vaa, jirani, utukokie."

Taisto akavaa. Mkono wa bunduki, kile chuma cha kukokia, ulikuwa mfupi, umebanana chini ya darubini. Glavu haikupata pa kushika. Akavuta, ikateleza. Akavuta tena, akaigonga darubini, ngo! Ukumbi ukashikwa na kikohozi cha kuficha vicheko.

Aune akaivaa glavu ile ile, akashika ya Eino. Mkono wa kukokia wa bunduki hii ulikuwa mrefu, umepinda chini, mbali na darubini. Kra-kra! Kra-kra! Kutu na yote.

Kapteni akaiinamia ya Taisto. "Mkono huu ulikuwa mnyoofu, wa bunduki ya askari wa kawaida. Umepashwa moto, ukakunjwa, ukabaki kigutu. Wa Eino ulifuliwa umepinda tangu kiwandani, wa mdunguaji hasa. Kabatini iingie ya Eino."

Makofi yakalipuka. Aune akaitundika bunduki begani, akazunguka nayo ukumbi mzima, akapita hadi jikoni ambako hakukuwa na mtu.

"Baba alizivua glavu!" Taisto akapayuka. "Vita vizima alidungua kwa mikono mitupu!"

Dada yake, Helvi, akatua birika la kahawa mezani.

"Taisto, baba alikuwa mpishi. Vita vizima alishika mwiko."