Mkamwana wa Bergen

Mzee Zebedayo hakupanda ndege kutoka Mbeya mpaka Ulaya ili akamkimbie mwanamke mjamzito, lakini ndivyo ilivyokuwa, na hakuna haja ya kumfichia aibu.

Ziara yenyewe ilikuwa ya siku tatu tu. Lusungu, mtoto wao wa pekee, anafanya kazi ya ufugaji wa samaki huko Bergen, mji wa pwani wa Norwei. Ndiye aliyewatumia tiketi baba yake na mama yake, Tusekile, waje wautembelee mji na wamwone Solveig, mke aliyemwoa hukohuko bila wazazi kuwepo. Solveig alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana. Lusungu alikuwa amesema kwenye simu, "Baba, mwenzangu akiona anapendwa, mtoto tutamleta nyumbani Kyela. Akiona hapendwi, mimi sitamlazimisha." Mzee alisafiri na maneno hayo kifuani njia nzima.

Sasa, kwa Wanyakyusa wa rika lake, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Mwanamke akisikia mkwe anakuja huacha njia, hujitanda kanga, akachuchumaa na kugeukia pembeni mpaka mzee apite. Hawasalimiani wala hawakai chumba kimoja. Vijana wa Kyela mjini wamekwisha kuyaacha hayo, na Lusungu, aliyelelewa shule za bweni, aliyachukulia kama hadithi za zamani. Lakini Tusekile alimkwepa baba mkwe wake pale kijijini Njisi mpaka siku walipomzika. Hiyo ndiyo heshima, na kwa Zebedayo heshima ndiyo mapenzi yenyewe. Hakujua kama yapo ya aina nyingine.

Basi pale uwanja wa ndege wa Bergen, Solveig akaja mbio, mikono ameitanua, akipaza sauti kwa Kiswahili alichofundishwa na mumewe: "Shikamoo, baba!"

Mzee akajitupa nyuma ya nguzo.

"Mama Lusungu," akanong'ona, "mwambie huyu binti apite kwanza."

"Apite aende wapi? Gari ni lake!"

Mzee akakaa kiti cha nyuma, kofia ameishusha hadi puani, na maswali yote ya mkamwana akayajibu kwa kumwambia mkewe. Kichwani mwake alijiona kafanya vizuri sana.

Kesho yake Lusungu aliitwa kazini, kwa hiyo Solveig ndiye akawatembeza. Mvua ilinyesha kama ya Kyela, mvua isiyo na haraka ya kwenda popote, na mzee akamshukuru Mungu kwa ajili ya mwavuli. Aliushusha mbele ya uso, akawafuata wanawake kwa nyuma. Hivyo ndivyo alivyouona mji wa Bergen: mawe ya barabarani, viatu vya watalii, na vizingiti vya nyumba za mbao ambazo watu hutoka nchi za mbali kuja kuzipiga picha. Ufukweni alichovya kidole baharini akakilamba. Chumvi tupu. Ziwa kubwa namna hii halafu huwezi hata kunywa, akawaza, na akatamani kumwambia mtu, lakini mkewe alikuwa mbali, ameshikana mikono na mkamwana.

Mbaya zaidi ikawa kile kigari cha reli kinachopanda mlimani. Ndani watu hukaa wamebanana. Mzee akatazama, akatikisa kichwa, akawaacha wanawake wapande, naye akaupanda mlima kwa miguu. Alifika juu anahema, akajibanza nyuma ya msonobari apumzike, na hapo akasikia kilio.

"Mama, baba hanipendi," Solveig alikuwa akisema. "Nimefanya nini?"

"Anakupenda, mwanangu! Anakupenda mno. Ndiyo maana hakutazami."

"Sielewi."

"Hutaelewa leo." Tusekile akaanza kumweleza: kanga, kuchuchumaa, kupisha njia. "Mimi nilifanya hivyo tangu naolewa."

"Na ulimpenda yule baba mkwe wako?"

Nyuma ya mti mzee akasubiri jibu, maana hata yeye hakuwahi kuuliza.

"Sijui," akasema Tusekile. "Sikuwahi kumwona vizuri."

Jioni mzee alimgeuzia mkewe mgongo kitandani. "Unamfundisha mtoto maneno gani? Mwacha mila ni mtumwa."

"Na ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho," Tusekile akajibu. "Usiku mwema, Baba Lusungu."

Siku ya kuondoka walipitia soko la samaki, pale bandarini. Mzee alichelewa kidogo, akishangaa kaa wakubwa kama masahani. Alipoinua macho akamwona Solveig mbele yake, karibu na ukuta. Mkamwana naye akamwona. Akavuta skafu akajifunika kichwa, akachuchumaa kwenye mawe yaliyolowa, tumbo lile limembana, akageukia ukutani.

Alifanya sawasawa. Hata Njisi wangemsifu.

Watu wakaanza kusimama. Muuza samaki mmoja akatoka kwenye kibanda na glovu zake, akamwinamia Solveig kwa wasiwasi, akidhani uchungu umemshika kabla ya wakati. Solveig akatikisa kichwa, hakuinuka. Mvua ikamwingia shingoni. Mzee Zebedayo akasimama na heshima yake yote aliyoitaka tangu juzi, na moyo ukamuuma kama aliyetukanwa hadharani.

"Inuka, mwanangu," akasema.

Mkamwana hakugeuka. Si alifundishwa kwamba hawasemeshani?

"Inuka, utapata baridi!"

Mabega ya Solveig yakatikisika. Analia? Anacheka? Ananiheshimu huyu, au ndiyo ananirudishia? Mzee aliutazama ule mgongo akatafuta jibu asilipate, kwa kuwa mgongo wa mtu anayekuheshimu na wa mtu anayekuchukia ni mgongo uleule. Kumbe mgongo wa namna hiyo ndio aliompa huyu binti tangu uwanja wa ndege.

Tusekile akafika mbio, mkoba ukimpigapiga mbavuni. Solveig akamwambia yeye, uso bado ukutani, "Mama, muulize baba. Nikija Kyela na mtoto, nitajificha hivi? Mtoto akiniuliza kwa nini, nimwambie nini?"

Tusekile akamtazama mumewe. Hakurudia swali, kwani mzee alikwisha kulisikia.

Mzee akafungua kinywa, akamtafuta moyoni marehemu baba yake, akamtafuta mzee yeyote wa Njisi amsaidie, akakuta yuko peke yake kwenye soko la watu. "Mwambie..." akaanza.

Akafunga mwavuli. Akazunguka taratibu mpaka upande wa ukuta, akachuchumaa, magoti yakalia, na kwa mara ya kwanza akamtazama mke wa mwanawe usoni. Alikuwa na madoadoa ya rangi ya kahawia puani, na macho mekundu ya mtu aliyelia tangu jana.

"Hapana," akamwambia. "Usijifiche."

Solveig akamtazama bila kupepesa. Mzee akaona haya, masikio yakamwaka moto, na hakujua kabisa baba mkwe anatakiwa aseme nini baada ya hapo. Akageukia kibanda cha karibu.

"Haya," akasema, "hawa samaki wanapikwaje?"