Sauti ya Mama Kwenye Boksi la Sabuni

Tangu apasuliwe koo, Mama alibaki na sauti ya mtu anayesengenya msikitini. Huyu ni mwanamke aliyekuwa dalali wa mnada kwa miaka thelathini, aliyewauzia makabati mabovu watu wenye makabati mazuri, kwa mdomo tu. Sasa alinong'ona, na baadhi ya watoto wake walishagundua raha ya kutomsikia.

Aliyeifaidi raha hiyo kuliko wote ni Kaka Mkubwa, kifungua mimba. Yeye alishapanga kwamba Mama ahamie kwake, kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya matairi, na nyumba ya Mama wapewe wapangaji. Mama alipotaka kupinga, Kaka Mkubwa alimwinamia, akatega sikio kidogo, kisha akawageukia wenzake.

"Mama anasema sawa."

Mama hakusema sawa. Alisema neno ambalo haliandikiki. Kikao cha kumalizia jambo hilo kiliwekwa Jumapili mchana.

Kitinda mimba wa Mama alikuwa fundi wa redio na simu, na mtaani walimwita Gundi, kwa sababu hakuna kilichovunjika ambacho hakukipaka gundi. Wiki ile alifunga kibanda chake, akachukua boksi la plastiki la sabuni, lile la safari, akalitoboa matundu ya spika, akaweka kikuza sauti na betri ya kuchaji, ya duara, iliyokaa kati ya springi mbili. Maiki ndogo ikatoka kwa waya hadi mdomoni. Alilijaribu mezani kwa adabu zote. "Moja, mbili, tatu." Likaitika vizuri.

Jumamosi asubuhi akamvisha Mama shingoni, boksi likamkaa kifuani.

"Haya Mama, sema."

"Mi..." alisema Mama, kisha kimya.

Gundi akafungua kifuniko. Betri ilikuwa imechomoka na kulala pembeni. Akairudisha. Mama akaanza tena, na safari hii Gundi akaona kinachotokea. Mama hakuwahi kusema "mimi" maishani mwake bila kujipiga kifua. Ndivyo alivyouza makabati. Na sasa kila "mimi" ilikuwa kofi moja kwa moja juu ya betri.

"Nikuvalishe kiunoni?"

"Kiunoni najipiga pia," alinong'ona Mama. "Hujawahi kuniona nikikasirika vizuri."

Gundi aliikodolea macho bunduki yake ya gundi ya moto, akaiacha. Betri ya kuchaji ukiiunguza inaweza kukulipukia, na siku ikichoka utaitoa na nini, patasi? Akajaribu selotepu. Ikapata joto ikabanduka. Akajaribu karatasi iliyokunjwa. Makofi matatu, ikasagika.

"Basi Mama, ongea bila kujipiga. Kesho tu."

Mama akakalia mikono yake yote miwili. Akasema "mimi", na neno likatoka limepoa, kama limesemwa na mtu anayeomba msamaha. Wote wawili walilisikia. Gundi akashikwa na uchungu mpaka akainamisha uso. Hakuwa amegombezwa vizuri tangu ile operesheni, na sasa ndipo alipojua amekukosa kule kugombezwa kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya watu.

Kosa lilikuwa lake. Alikuwa ametengeneza sauti ya mtu mpole, kwa sababu yeye mwenyewe ni mpole, halafu akamvisha Mama.

Akachukua ndala kuukuu, akakata vipande viwili vya soli yake laini, akavipachika kila upande ili betri isiteleze. Kilibaki kitu cha kuikaza kwa juu, kinachovutika lakini kisichobana mno. Akaeleza anachotafuta. Mama akaingia chumbani, akafunga mlango, akatoka na kipande cha mpira wa nguo, cha rangi ya waridi.

"Usiulize."

Hakuuliza. Aliupitisha kwenye matundu mawili chini ya boksi, akauzungusha juu ya betri, akaufunga kwa kifungo cha shati ili siku yoyote ufunguke.

"Haya, Mama. Nigombeze."

Mama alianzia dhambi za Gundi za umri wa miaka sita, akaja nazo taratibu mpaka juzi, na kila "mimi" ikapigwa kofi lake. Sauti haikukatika hata mara moja. Jirani alifungulia redio yake zaidi, haikumsaidia. Gundi alicheka huku machozi yakimtoka.

Jumapili, Kaka Mkubwa alikaa kiti cha katikati, akazungumza sana, akamalizia kama kawaida.

"Na Mama anasema sawa."

Mama akawasha swichi.

"Mimi," akajipiga kifua, pa! "sijasema sawa. Mimi," pa! "nilikuzaa wewe kwa saa kumi na tisa, kichwa kikubwa hivyo, halafu unilaze na matairi?"

Mashangazi waliokuja kikaoni waliguna kwa furaha. Kaka Mkubwa akainuka haraka, sura ya huruma tele.

"Mama, haya madude ya Gundi yanalipuka. Hebu nikutolee hiyo betri kwanza."

Akafyatua kifuniko pale pale kifuani, akaingiza vidole na kuushika ule mpira wa rangi ya waridi.

"Vuta," Mama akasema, na spika ikalipeleka neno hadi barabarani. "Vuta, baba. Huo ni mpira wa chupi ya mama yako."

Mkono wa Kaka Mkubwa ulirudi mfukoni mwake, na haukutoka tena siku ile. Mama akafunga kifuniko mwenyewe, polepole, akiwatazama mmoja mmoja.

"Mimi," alisema, akapiga palepale juu ya betri kwa nguvu zake zote, "sihami."