Hamri la Jacktone

Kila alfajiri, kabla ya mteja wa kwanza, Kahaso aliopoa hamri moja kwenye karai, akalitia katika bakuli la bati. Hilo lilikuwa la mumewe, Jacktone. Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha tangu gari lake la jeshi lilipuliwe vitani Somalia, na haukuletwa mwili wala kipande cha nguo. Cindy, bintiye wa miaka sita, ndiye aliyefunika bakuli. "Baba akija atalikuta la moto," alizoea kusema. Jioni waliligawana, na kesho yake likakaangwa jingine.

Asubuhi hiyo kifuniko kilikuwa bado mkononi mwa Cindy wakati Florence, jirani wa chumba cha pili, alipotokea mlangoni akihema.

"Kahaso, wacha mafuta! Lori la msaada liko kanisani, na jina lako limekatwa!"

Kahaso akazima jiko, akamshika Cindy mkono, wakatoka mbio, Cindy na bakuli lake kifuani.

Msaada ulikuwa wa wajane na yatima wa vita. Unga Kahaso angeweza kuukosa akavumilia. Alichokitaka ni nafasi ya kulipiwa shule iliyokuja na msaada huo, maana Cindy alikuwa amerudishwa nyumbani mara mbili muhula huo kwa kukosa karo.

Uani mwa kanisa, Mama Pascalia, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ameketi mezani na maiki. Kila mjane alisimama akaeleza mumewe alivyokufa, huku simu ikimrekodi kwa ajili ya wafadhili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wenzako wameleta picha za makaburi. La mumeo liko wapi?"

"Mwili haukupatikana. Wakwe zangu walizika mgomba kwao Butere. Ndiyo mila yao mtu akipotea."

"Mgomba!" Mama Pascalia alilitamka ndani ya maiki. "Jamani, leo tuna mjane wa mgomba! Si ungoje ndizi ziive, dada?"

Viti vya plastiki vikalia kwa watu kucheka. Wajane wenzake ndio waliocheka zaidi, kwa kuwa unga haukuwatosha wote, na kila aliyekatwa aliwaachia fungu lake.

"Tena nasikia kila asubuhi unamwekea chakula."

Florence, aliyekuwa amewafuata, akainamisha uso. Ni yeye aliyeisimulia habari hiyo bombani, kwa huruma tu.

"Marehemu hali mahamri," Mama Pascalia aliendelea. "Sema moja. Mumeo ana njaa, au amekufa? Litamke hapa nikuandike. Lori lina safari nyingine."

Akamsukumia maiki, naye akaipokea. Kahaso hakuwahi kulitamka neno lile. Hata wakwe walipomwita aje atie udongo, hakwenda. Moyoni alijua kwamba siku atakayolisema ndiyo siku Jacktone atakayokufa, na muuaji atakuwa yeye.

"Mama," Cindy alimvuta leso, "limepoa."

"Sauti, dada!" alisema Mama Pascalia. "Wafadhili hawasikii ya moyoni."

Kahaso akapiga magoti mbele ya mtoto. Akafunua bakuli, akalitia hamri katika kiganja cha Cindy, akavikunja vile vidole vidogo kimoja kimoja. Maiki ilikuwa bado katika mkono wake mwingine, na spika zikaibeba sauti yake hadi kwa wachuuzi wa barabarani.

"Kula, mwanangu. Ni lako. Baba harudi. Baba amekufa."