Mtu wa Nyuma Alipokaa Kimya

Umewahi kukaa nyuma ya mtu kutwa nzima, ukiangalia mgongo wake tu? Mimi nimekaa. Hata sasa nikifumba macho nauona: shati la buluu lililopauka mabegani, kola niliyoigeuza kwa sindano yangu mwenyewe, na jasho linaloanza katikati halafu linatanuka pande zote. Huo ni mgongo wa mume wangu, na mimi nilikuwa abiria wa nyuma kwenye baiskeli yake ya viti viwili.

Abiria nasema kwa mdomo tu, maana pedali nilizikanyaga sawasawa na yeye. Baiskeli yenyewe aliiunda alipostaafu kazi ya kuchomelea. Alichukua fremu mbili za zamani, akazikata, akaziunga, akazipaka rangi ya kijani, na watoto wa mtaani wakaiita Jongoo kabla hata rangi haijakauka. Usukani wa mbele ndio ulioongoza. Wa nyuma ulikuwa wa kushikilia tu, haugeuki popote, na breki zote zilikuwa kwake. Mnyororo ulitufunga miguu pamoja: akikanyaga nakanyaga, akiacha naacha.

Kila kiangazi, mashamba yakishavunwa, tulifunga mabegi juu ya gurudumu la nyuma tukaenda kutembea vilimani. Hatukuwa na shughuli yoyote huko. Tulitafuta barabara za vumbi, zile ambazo gari likipita watu wanatoka nje kuliangalia, tukapanda polepole, tukateremka na upepo, jioni tukalala popote penye kitanda safi. Binti yetu, ambaye ni muuguzi, hakupenda. "Mama, watu wa umri wenu wanakaa kivulini," ananiambia. Namjibu, "Kivuli kipo hata njiani, mwanangu."

Sasa, kwa kuwa mbele yangu kulikuwa na ule mgongo, nilizoea kuinamisha kichwa pembeni, nikachungulia, nikasema ninachokiona. Ilianza kama mzaha. "Shimo kulia. Kokoto. Mbuzi wawili, mmoja hana akili. Kona ya kushoto, inabana." Mwanzoni alinijibu, "Naona, mama, naona. Kwani nani ameshika usukani?" Baadaye akaacha kusema naona. Akawa anaitikia tu, "Ehe." Mimi nikafurahi. Nikajisemea moyoni, huyu mzee hatimaye ameanza kunisikiliza.

Katika safari hii ninayoisimulia tulilala kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa kwenye mgongo wa kilima, vyumba vichache vimezunguka ua uliofagiwa vizuri, pipa la maji mlangoni na kata yake juu ya kifuniko. Asubuhi mume wangu alijimiminia chai huku ametia ncha ya kidole ndani ya kikombe. Nikamuuliza, "Unapima maji ya kuoga mtoto?" Akacheka kidogo. Kisha akainua kichwa na kujidondoshea dawa machoni, ile chupa ndogo aliyoniambia ni ya vumbi la njiani.

Mwenye nyumba alitoka kutuaga. Mama mnene, mcheshi, aliyetupikia vizuri na kutupa blanketi la ziada bila kuombwa. Akaniaga mimi, kisha akamnyooshea mume wangu mkono. Mume wangu alisimama pale pale ameshika baiskeli, anatazama mbele. Mkono wa yule mama ulibaki hewani. Mwishowe akaufuta kwenye kanga yake, kana kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo, akasema, "Haya, safari njema, baba."

Aibu niliyoipata, ningetamani ua ule unimeze. Tulipofika barabarani nikamwambia, "Mtu kakupa mkono, umemwacha hivyo hivyo kama mwombaji."

"Sikumwona," akasema.

"Hukumwona. Mwanamke mwili wote ule, amesimama mbele yako, hukumwona."

"Nimekwambia sikumwona."

"Sema umeanza kiburi uzeeni."

Akakanyaga mara mbili tatu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Basi wewe unayeona kila kitu, leo nyamaza kidogo. Nipumzishe masikio."

Nikanyamaza. Mimi sigombi kwa kelele. Nikinuna nanuna kimya, na naweza kuumaliza mchana mzima bila kupungukiwa. Tulipanda kilima kirefu hivyo hivyo, mnyororo ukilia kri, kri, wala sikumwambia kuna mfereji umekata njia. Tukaupita kwa kishindo, meno yakagongana.

"Mbona husemi?" akauliza.

Sikujibu.

Mbele kidogo gurudumu likaingia kwenye shimo ambalo hata kuku angelizunguka. "Mama," akaita. "Sema basi."

"Si nimeambiwa ninyamaze."

Niliona mabega yake yamepanda juu karibu na masikio, na nikafikiri ni hasira. Ndipo tukafika kileleni na mteremko ukaanza.

Mteremko ulikuwa mzuri, usinielewe vibaya. Udongo mwekundu, laini, bonde lote liko wazi upande mmoja. Chini niliona barabara inapinda kulia, na mbele ya kona ile shamba lililovunwa, mabua bado yamesimama. Niliiona vizuri kabisa. Mdomo ulikuwa umefunguka kusema, nikaufunga. Anaiona, nikajisemea. Ana macho.

Barabara ikapinda. Sisi tukaenda moja kwa moja.

Nilisikia mabua yakivunjika kabla sijaelewa. Halafu nikawa chini, uso kwenye udongo, mkono wa kushoto uko chini yangu na unawaka moto. Jongoo imelala ubavu, gurudumu la mbele linazunguka kwa kuyumba, linagonga uma unaolishikilia, tak, tak, mpaka likasimama lenyewe.

Mtu mmoja alikuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya shamba. Akaja mbio na mundu wake mkononi. "Shikamooni wazee wangu. Mko salama? Poleni. Lakini, mzee, kona yote hii? Hata ng'ombe wangu anaijua, na yeye ni mpumbavu."

"Breki," akasema mume wangu. "Breki zimekataa."

Breki zilikuwa nzima. Nilikuwepo alipozikaza jana yake, na sasa nilimwona mkata majani akizibinya na kuziachia. Alinikalisha juu ya tuta, akanifunga mkono kwa kitambaa changu cha kichwa, akasema anakwenda kuleta maji nyumbani kwake, si mbali.

Mume wangu alipiga magoti kwenye gurudumu, akaanza kulipapasa. Vidole vyake vilikwenda spoki moja baada ya nyingine, bila kukosea, mpaka vikafika pale rimu ilipopinda. Akafungua mkoba wa vifaa, akatoa spana, akaiweka chini karibu na goti lake, akashika rimu kwa mikono miwili. Kisha akaitafuta ile spana. Alipapasa kulia, akapapasa kushoto, akakwangua udongo kwa kiganja. Spana ilikuwa inang'aa juani, shibiri moja kutoka kwenye goti lake.

Nikamtazama. Hasira yote ikanitoka na mahali pake pakaingia baridi. Sikumwona, alisema. Kumbe alikuwa ananiambia kweli.

"Iko karibu na goti," nikasema. "La kulia."

Akaipata. Hakuitumia. Alikaa nayo mkononi, amenipa mgongo.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Siku ile nilipokwambia naenda mjini kutafuta mnyororo." Alikohoa. "Daktari anasema ni presha ya macho. Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kilichoko katikati nakiona, pembeni ni giza. Na bomba linazidi kuwa jembamba. Dawa inazuia kidogo, hairudishi."

"Na ukanipandisha kwenye baiskeli ukijua hivyo."

"Nilikuwa na wewe. Ulikuwa unasema kila kitu. Shimo, mbuzi, kona. Nikaona, tukiendelea hivi, hakuna haja ya mtu kujua. Wala wewe." Akageuza uso, na macho yake yakanikosa kidogo, yakatua begani. "Ningeweza kukuua leo."

"Ungeweza," nikasema. Sikutaka kumpunguzia.

Ndege walirudi kwenye mabua. Akaipiga Jongoo kofi kwenye fremu, kama mtu anayemuuza mnyama. "Huyu kijana wa majani nitampa. Chuma kizuri, atapata kazi nacho. Tutapanda basi turudi. Nimemaliza mimi. Nitakaa kivulini kama binti anavyotaka."

Nilikiona hicho kivuli. Niliona kiti kule barazani, na yeye juu yake, anapelekewa chai, anaelekezwa mlango uko wapi, watu wanazungumza juu ya kichwa chake. Na nikaona kitu kingine, ambacho nimekibeba muda mrefu mpaka nikasahau kama ni mzigo. Mimi nilijua baiskeli kabla yake. Nilijifunza kwenye baiskeli ya baba yangu, kubwa kuliko mimi, mguu mmoja nimeupenyeza ndani ya fremu.

"Usimpe mtu," nikasema. "Nyoosha rimu. Mkono ukipona, nataka kukaa mbele."

"Usinionee huruma, mama."

"Huruma ipi, na mkono unaniuma hivi? Nataka usukani. Nataka breki ziwe kwangu. Nilitaka tangu siku ulipoitoa Jongoo karakanani ukapanda mbele bila kuniuliza. Nilikuwa nimevaa viatu vya kukanyagia, nimesimama pale, nasubiri uniulize."

"Basi nakuuliza leo, utakaa mbele?" akasema, akaishika rimu akaanza kuinyoosha.