Msamaha wa Nchi Jirani

Tangu asubuhi mwanasheria wa tume ya ushindani wa biashara alikuwa roho juu. Mara aketi, mara asimame, mara achungulie dirishani. Ripoti yake ya kulinganisha sheria za nchi tatu jirani ilikuwa imekwama kwenye kifungu cha nchi mojawapo: huko ng'ambo ya mpaka, mfanyabiashara aliyekula njama ya kupandisha bei akiwahi kuungama kabla ya wenzake, faini anasamehewa. Kifungu hicho alikuwa amekisifia mpaka mezani nyumbani, Jumapili, kama vile amekitunga yeye, huku shemeji yake muuza saruji akitafuna kimya kimya.

Simu ikalia. Ni shemeji huyo, anahema kwa furaha.

"Shemeji, nimewawahi wote! Natoka hapo chini ofisini kwenu. Nimemwaga kila kitu: nani alipanga bei, tulikutana wapi, mpaka chai alilipa nani. Na sahihi nimetia!"

Mwanasheria akaifunga ripoti.

"Shemeji, ule msamaha ni wa kwao. Sisi bado tunaujadili."

Muuza saruji akauliza, "Sasa hapa kwetu anayewahi anapata nini?"

"Anatangulia kizimbani."