Jina Lisilokuwemo Daftarini

Wito wa mahakama ulimkuta Katibu kazini, masjala ya hospitali, akiwa juu ya ngazi anapanga mafaili. Alishuka, akajipangusa vumbi, akausoma mara mbili. Alitakiwa kufika kama shahidi, pamoja na daftari la wanachama wa Umoja wa Akina Mama wa kanisa lao. Akaukunja, akautia mfukoni mwa koti, akapanda tena ngazi. Mafaili matatu aliyoyapanga baada ya hapo, yote aliyachomeka pasipo pake.

Jina hilo la Katibu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na Umoja, kwa kuwa alikuwa katibu wake kwa miaka ishirini na miwili, hata watoto wa jirani walimwamkia, "Shikamoo Katibu." Ukumbi wa Umoja ulipojengwa, alibeba matofali kichwani kama wenzake, kisha akaketi juu ya rundo la mchanga kuandika nani kaja na nani kategea. Asingeweza kukuambia siku aliyofurahi kuliko siku zile.

Halafu mdogo wake wa kiume akaoa. Mdogo huyo Katibu alimlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki, na hadi utu uzima alikuwa akija kula kwake kila Jumapili, analamba vidole na kuapa kwamba hakuna mpishi kama dada yake. Mkewe alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti viwili karibu na soko, na watu walimwita hivyo hivyo, Msusi. Wanawake waliingia kwake wamenuna wakatoka wanacheka. Jumapili za mdogo mtu zikahamia kwa mkewe. Siku alizokumbuka kupita kwa dada yake, alikuja na bakuli mkononi.

"Dada, hebu onja hiki alichopika wifi yako."

Katibu alionja. Kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililomuuma.

Msusi alikula kiapo cha Umoja siku moja na wanawake wengine sita. Wale sita walipoapa, akina mama waliitikia amina, basi. Alipoapa Msusi, ukumbi mzima uliinuka kwa makofi na vigelegele, hata bibi mmoja mwenye magoti mabovu akajikongoja asimame ili naye asikose. Katibu alikuwa mezani, kalamu mkononi. Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kusimama kwa ajili yake. Akaandika majina sita. La saba akajiambia ataliandika nyumbani, mkono umechoka. Nyumbani akajiambia kesho. Kesho yake alilifungua daftari, akautazama ule mstari mtupu, akalifunga.

Hakuna mwingine aliyelisoma daftari hilo. Mikutanoni, Katibu alipoita mahudhurio, jina la wifi yake alilitaja kwa kichwa, likaitikiwa, mambo yakaenda. Ilikuwa siri ndogo tu, lakini ilimpoza. Kila Msusi aliposifiwa, Katibu alijiambia kimoyomoyo: sifuni tu, hata humu hamo.

Miaka minne baadaye mwenyekiti wa zamani alistaafu. Katibu alijua zamu yake imefika. Alishona hata nguo mpya. Wakamchagua Msusi. Katibu ndiye aliyesoma matokeo, na sauti haikumtetemeka hata kidogo.

Mwaka wa pili wa uenyekiti huo, wazee wa kanisa waliamua kuhama na waumini waliowafuata, wajiunge na kanisa jingine kubwa, na ukumbi wa akina mama wauchukue uwe wao. Msusi aliitisha mkutano. Wanawake walipiga kura kwa sauti moja: ukumbi hautoki. Wazee wakaenda mahakamani.

Kabla ya hapo, mzee mmoja wa kanisa alipita masjala akiomba nakala ya daftari. "Tunataka tu kujua wanachama ni wangapi," alisema. Katibu alilitoa kwenye begi, akasimama kwenye mashine, akatoa nakala ukurasa kwa ukurasa. Mzee hakujua kilichomo. Aliyejua ni Katibu. Alijiambia anatimiza wajibu, na wakati huo huo moyo ulimdunda kama wa mwizi.

Haukupita muda, wazee wakaliona pengo. Katiba ya Umoja ilisema mwanachama ni yule aliyekula kiapo na jina lake likaandikwa daftarini. Mwenyekiti hakuandikwa. Basi si mwanachama, basi si mwenyekiti, basi mkutano wake ni batili na kura yake ni bure.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, kina feni moja iliyokuwa ikikwaruza. Akina mama walijaa mabenchi ya nyuma. Msusi ndiye aliyetangulia kizimbani.

"Jina lako limo kwenye daftari hili?" wakili wa wazee alimuuliza.

Msusi alifunua kurasa polepole. "Silioni."

"Unasemaje kuhusu hilo?"

Msusi alilifunga daftari. "Anayeliandika ni wifi yangu. Ana miaka ishirini na miwili na daftari hilo, sijasikia mtu akisema amekosea. Kama simo, basi kosa litakuwa langu. Pengine kuna jambo nilitakiwa kufanya nikasahau. Lakini naomba wenzangu wasinyang'anywe ukumbi kwa uzembe wangu mimi."

"Masikini," akina mama wakaguna nyuma. Mmoja alikuwa analia.

Katibu aligeuka kuwatazama. Hata hapa! Hata kwenye kosa ambalo si lake, mwanamke huyu ataondoka na sifa, na yeye, mwenye kosa, ataondoka na nini? Na ukumbi aliotolea jasho, uende? Alipoitwa, alipanda kizimbani.

"Wewe ndiye mwenye mwandiko huu?" wakili alimuuliza.

"Ndiyo."

"Daftari hili ni kamili na sahihi?"

Neno moja tu, ndiyo, lingetosha kumwangusha Msusi. Alimwona Msusi akimtazama bila shaka yoyote usoni, kama mtu anayemtazama dada yake. Macho hayo ndiyo yaliyomshinda. Angeweza kustahimili kuchukiwa. Kuaminiwa na huyu hakuweza.

"Si kamili," alisema. "Wifi yangu aliapa mbele yangu. Jina lake nililiacha kwa makusudi."

Feni ikasikika. Hakimu akainua kichwa. "Kwa nini?"

"Walimpigia makofi, mheshimiwa."

Mtu mmoja alicheka, kisha mabenchi yote. Hakimu hakucheka. "Endelea," alisema.

"Nilimwonea wivu. Hata sasa namwonea. Lakini aliapa."

Hukumu ilitoka baada ya wiki tatu. Hakimu alisema mtu akishaapa hadharani na kukubaliwa na wenzake, hawezi kufutwa uanachama na kalamu iliyogoma kumwandika. Mkutano ulikuwa halali, na ukumbi ukabaki kwa akina mama. Waliimba kuanzia mlango wa mahakama hadi barabarani. Katibu alitokea mlango wa pembeni.

Wiki hiyo hiyo Umoja ulimvua ukatibu na kumsimamisha mwaka mzima. Daftari alilikabidhi kwa mwalimu mstaafu ambaye mwandiko wake, kwa maoni ya Katibu, ulikuwa kama nyayo za kuku aliyepita kwenye tope.

Msusi alikuja Jumamosi asubuhi. Katibu alikuwa uani anafua. Alikwishaandaa kifuani maneno ya kupokea msamaha, maana alijua utakuja, na alijua utamchoma.

"Karibu kiti, wifi."

"Sikai." Msusi alibaki amesimama mlangoni. "Miaka sita. Unaita jina langu, naitika, na unajua simo. Ulikuwa unanicheka?"

"Sikuwa nacheka."

"Nimesimama mbele ya watu nikajilaumu kwa ajili yako! Nikirudi nyumbani, mume wangu ananiuliza tulikukosea nini. Nimjibu nini?"

Katibu aliminya nguo mikononi, povu likimtiririka hadi kwenye viwiko. Hakuwahi kumwona wifi yake na hasira. Mishipa ilimtoka shingoni, nywele zimemkaa ovyo, sauti inakwaruza. Hakuwa mzuri hata kidogo. Katibu alitafuta ndani yake ile furaha aliyoingoja miaka yote, asiione. Alichokiona ni aibu, na chini ya aibu, kwa mbali, nafuu kidogo.

"Mwambie hamkunikosea," alisema. "Mwambie nilikuona umebeba kila kitu, na mimi sikubaki na cha kubeba."

"Kamwambie mwenyewe. Leo yupo saluni, anatengeneza kiti."

Msusi akageuka akaondoka, hakuaga. Katibu alisuuza nguo iliyokuwa mikononi, akaianika. Nyingine zilibaki kwenye beseni. Alibadilisha gauni, akafunga kilemba, akakifungua, akakifunga tena, kisha akatoka kuelekea sokoni, akipita njia ndefu.